Siku Mama Kalisti Alipoifungua Marekani

Watu wa Shinyanga waliijua sauti ya Justa Maduhu kabla ya kuujua uso wake. Kwa miaka kumi na tisa alikaa mbele ya suichibodi ya simu pale mjini, akichomeka waya huku na kuchomoa kule, na kila aliyetaka kuongea na Mwanza, Tabora au Geita alipita kwanza mikononi mwake. "Shinyanga hapa, sema namba." Siku moja sokoni aliuliza bei ya nyanya, na mama muuzaji akaachia fungu zima likabiringika chini. "Kumbe ndiye wewe, Shinyanga Hapa!" Tangu siku hiyo upande ule wa soko hakuwa na jina jingine. Kwingineko aliitwa Mama Kalisti, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Kazi yenyewe aliipata kwa gari bovu. Alikuwa msichana wa Tinde, binti wa mzee mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Bwana mmoja wa simu alikuwa akipita barabarani, gari likamfia, akakaa kivulini kungoja fundi. Akamsikia binti akiita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Hakuwa akipiga kelele, lakini kila neno lilifika likiwa zima kama yai. Yule bwana akauliza, "Huyo anajua kusoma?" Wakamwambia amemaliza darasa la saba. Baada ya miezi miwili Justa alikuwa mjini, amevaa viatu vilivyombana, akijifunza kusema "subiri kidogo" kwa namna ambayo hata mtu mwenye hasira angesubiri.

Mwaka 1995 ikaletwa mitambo inayounganisha simu yenyewe, na Justa na wenzake wakapunguzwa. Walipewa cheti na saa ya ukutani. Hakulia. Alichouliza tu siku ya kuaga ni hiki: "Sawa, mashine itaunganisha. Lakini simu isipopatikana, nani atamwambia mtu kwamba haipatikani?" Mkubwa wake alicheka, wakaendelea kunywa soda.

Miaka miwili baadaye alipata kazi ya mapokezi kwa Mzee Vinod, mfanyabiashara ambaye ukoo wake ulikuwa umeuza vipuri mjini tangu enzi za babu. Mzee Vinod alikuwa amenunua mashine mbili za kuchoronga miamba na kufungua kampuni ya kutafuta dhahabu. Aliiita Igembe, yaani jembe kwa Kisukuma. Alisema kampuni ya kuchimba chini lazima iwe na jina linaloeleweka na kila anayechimba chini. Ofisi ilikuwa Kambarage, na kambi ilikuwa porini karibu na Runzewe, ambako kampuni ilikuwa na leseni ya kutafuta dhahabu katika vilima viwili, cha mashariki na cha magharibi.

Kati ya ofisi na kambi mawasiliano yalikuwa ya redio koli. Tatizo la redio koli ni kwamba ukiongea wewe, wanasikiliza wote: madereva, wamishenari, na hasa mabroka wa dhahabu, ambao walikuwa na masikio marefu kuliko punda. Basi Justa na mkuu wa kambi, mtaalamu wa miamba aliyeitwa Magesa, walitunga lugha yao. Shimo waliliita kaya. Gramu ya dhahabu kwenye tani ya mawe waliiita debe la michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa ambavyo Msukuma havikosi nyumbani. Hivyo mtu angesikia hewani: "Kaya ya tisa, michembe nusu debe. Kaya ya kumi, hakuna kitu, wamelala njaa. Ova."

Lugha hiyo ilifanya kazi vizuri mno. Mara moja mama mmoja mfanyabiashara wa Runzewe alifika kambini na magunia matupu kumi na mawili, akidai aonyeshwe hizo kaya. Magesa alilazimika kumpa chai na uongo.

Basi mwaka 1999 imeili ikaingia Kambarage, na iliingia na mtu. Dhaval, mtoto wa Mzee Vinod, alirudi kutoka masomoni Uingereza akiwa na shahada ya kompyuta, masanduku matatu ya nyaya, na mchumba aliyebaki huko akimalizia masomo ya ufamasia. Mchumba aliitwa Vaishali. Ndani ya mwezi mmoja Dhaval alikuwa amepandisha dishi kubwa juu ya paa, la kupokea mawasiliano moja kwa moja kutoka kwenye satelaiti. Majirani walileta viti siku ya Jumamosi wakidhani wataonyeshwa mpira. Chini ya dishi, katika chumba kidogo chenye feni, aliweka kompyuta iliyokuwa kama posta ya kampuni: barua zote za imeili ziliingilia hapo na kutokea hapo.

Justa akakabidhiwa kuisimamia. Kila barua iliyoingia aliichapisha kwenye karatasi, akaipiga mhuri wa IMEPOKELEWA na tarehe, akaigawa. Dhaval alimwambia mhuri haukuhitajika.

"Shikamoo tena Mama Kalisti, lakini kweli, kompyuta yenyewe inaandika saa na dakika."

"Marahaba, baba. Hiyo ni kompyuta inajiandikia. Huu mhuri ni mimi nasema nimeiona."

Kwa miezi mitatu mambo yalikwenda vizuri. Kisha balaa likaanza. Asubuhi moja Justa alikuta barua mia nne, na hakuna hata moja iliyohusu mawe. Zilikuwa za watu wasiojulikana, wengi wakiwa na ghadhabu. Mmoja alitaka kujua kwa nini Igembe ya Shinyanga imemtumia tangazo la dawa ya kuotesha nywele mara thelathini. Mwingine alisema yeye ana nywele za kutosha na anakwenda polisi.

Dhaval alikaa mbele ya kompyuta saa mbili bila kupepesa. Alipogeuka uso ulikuwa umembadilika. Kulikuwa na mtu huko nje, alieleza, aliyegundua kwamba kompyuta yao inapokea barua ya yeyote na kuipeleka kwa yeyote. Akaifanya punda wake. Aliingiza tangazo moja, na kompyuta ya Igembe, kwa upole na utii, ikalisambaza nusu ya dunia. Na siyo huyo tu. Wengine walikuwa wakijaribu milango mingine ya kompyuta, mchana kutwa, kama wezi wanaotikisa vitasa.

"Nitaweka fayawoli," alisema Dhaval.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni ulinzi. Ukitafsiri ni ukuta wa moto."

Mzee Vinod, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, alishtuka. "Moto? Ndani ya ofisi yangu?"

Hakukuwa na moto, ila ukuta ulikuwepo, na Dhaval aliujenga kwa hasira ya mtu aliyeaibishwa. Alinunua ramani ya dunia ya shuleni akaibandika ukutani. Kila mashine iliyounganishwa na mtandao ina namba yake, alisema, na namba hutolewa kwa mafungu, nchi hii fungu hili, nchi ile fungu lile. Kwa hiyo unaweza kukataa nchi nzima kwa mara moja. Akachukua kalamu nyekundu. Urusi ikaenda. China ikaenda. Brazili ikaenda. Justa alikuwa amesimama nyuma yake na mhuri mkononi, akiangalia mabara yakigeuka kuwa mekundu. Kisha kalamu ikafika Marekani.

"Marekani yote?" aliuliza.

"Yote. Huko ndiko lilikotoka tangazo la nywele."

"Baba, umeifunga Marekani. Umepata kibali cha nani?"

Dhaval alicheka, lakini hakuifungua. Aliacha wazi nchi walizokuwa na kazi nazo tu: Tanzania, Kenya, Uganda, Uingereza kwa sababu anazozijua mwenyewe, na Australia. Australia ilikuwa lazima. Sampuli za mawe kutoka Runzewe zilipelekwa kupimwa kwenye maabara moja katika mji wa Perth, na majibu yalikuja kwa imeili.

Kesho yake chumba kile kilikuwa kimya kama kanisa Jumatatu. Barua tatu tu ziliingia, zote za maana. Mzee Vinod alifurahi, Dhaval akajipigapiga kifuani, na kila mgeni aliyefika ofisini alionyeshwa ramani. Justa peke yake ndiye aliyekosa raha. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amejifunza jambo moja kuhusu ukimya: suichibodi ikinyamaza ghafla, siyo kwamba watu wameacha kuwa na maneno. Waya umekatika mahali.

Akarudi kwenye mhuri wake. Dhaval ndiye msomi.

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikaingia. Jumatatu ya wiki ya pili redio ikakoroma, Magesa akimsalimia Mama Kalisti kwa Kisukuma.

"Igembe Shinyanga, Igembe Shinyanga, hapa Runzewe. Mwangaluka mayu. Ova."

"Mwangaluka, Magesa. Nakusikia vizuri. Ova."

"Mayu, ile michembe ya mwisho bado haijafika? Ova."

"Bado, baba. Hata punje. Ova."

Kisha Magesa akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha, kwamba ile michembe ni lazima. Muda wa leseni ulikuwa unakwisha, na sheria ilitaka kampuni ikihuisha leseni irudishe serikalini nusu ya eneo. Ramani ya kipande wanachokirudisha ilitakiwa ofisi ya madini Ijumaa, kabla ya kufunga. Bila majibu ya Perth hakujua arudishe kilima kipi. Kwa macho, alisema, yeye angerudisha cha magharibi. Lakini macho hayaoni ndani ya jiwe.

Justa akamfuata Dhaval. Akamkuta ameegemea ukuta, anaitazama kompyuta yake kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Maabara wamechelewa tu," alisema Dhaval. "Australia iko wazi. Nimeangalia mara tatu."

"Na wewe unaumwa nini?"

"Siumwi."

"Dhaval, mimi nimezaa watano."

Hapo Dhaval akakiri. Vaishali hajaandika siku kumi na moja. Kabla ya hapo alikuwa akiandika kila siku, wakati mwingine mara mbili. Na Uingereza pia iko wazi, kwa hiyo hakuna sababu nyingine, ni kwamba hataki tu. Huenda amepata mtu. Kuna daktari mmoja wa meno ambaye amekuwa akitajwatajwa.

Justa alimtazama kijana wa watu, akaitazama ramani. Nchi mbili ziko wazi, na kutoka zote mbili hakuji kitu. Kwa mama wa suichibodi hilo lilikuwa na harufu. Akarudi mezani kwake, akavuta simu, akaomba ruhusa kwa Mzee Vinod kupiga Australia.

"Zungumza haraka," alisema Mzee Vinod.

"Mzee, mimi ndiye niliyekuwa nikiwakatia watu simu wakiongea sana."

Ilikuwa saa tatu asubuhi Shinyanga, na huko Perth saa nane mchana. Akapokea mwanamke. Kiingereza cha Justa kilikuwa cha kazini, kifupi, kimepigwa pasi. Alijitambulisha, akauliza majibu ya Igembe.

Yule mwanamke alishangaa. Majibu yalitumwa wiki iliyopita! Mara ya kwanza mashine yao ilikuwa imeonya kwamba barua haijafika bado lakini itaendelea kujaribu. Baada ya siku tano ikairudisha. Wakatuma tena, na sasa hivi tunavyoongea, bado inajaribu. Inagonga, haifunguliwi, na wala hakuna anayejibu.

"Hakuna anayesema hapana?" aliuliza Justa.

"Hakuna anayesema chochote."

Justa akasikia moyo ukimpasuka kidogo. Kumwacha mtu ananing'inia kwenye laini bila neno! Pale suichibodi, kwa kosa hilo ungeitwa ofisini. Akajizuia, akauliza swali ambalo msomi wa kompyuta asingelifikiria, kwa sababu lilikuwa swali la simu.

"Dada yangu, barua zenu zikitoka hapo mezani kwako, zinapitia kituo gani?"

Yule mwanamke alikuwa hajui. Akamwita mtu wao wa mitambo, wakasemezana kwa muda, kisha akarudi. Alisema tangu mwezi uliopita maabara imeunganishwa na kampuni kubwa zaidi, na siku hizi barua zote, hata za Perth, hutokea kwenye mashine ya makao makuu.

"Yako wapi hayo makao makuu?"

"Denver," alisema mwanamke. "Marekani."

Justa akamshukuru, akaweka simu, akaenda kwenye chumba cha feni akiwa ametulia kabisa, jambo ambalo waliomjua waliliogopa.

"Perth inapitia Marekani," alisema.

"Haiwezekani. Anwani yao ni ya Australia, inaonekana mwishoni pale."

"Anwani ndiyo hiyo, sijakataa. Lakini sikiliza. Mtu wa Kahama alikuwa akimpigia ndugu yake wa Geita, mimi nilimpitisha Mwanza. Yeye yuko Kahama, anaongea kama mtu wa Kahama, lakini Geita waliona simu inatokea Mwanza. Sasa Geita wakisema hawataki simu za Mwanza, wa Kahama naye amekwenda. Ukuta wako hausomi jina la mtu, unaangalia alikopitia."

Dhaval akaigeukia ramani. Alikuwa mwerevu kweli, na ubaya wa kuwa mwerevu ni kwamba ukielewa unaelewa yote kwa mpigo. Akauliza polepole, siyo kama anamwuliza Justa, "Vaishali anatumia ile imeili ya bure. Mashine zao ziko wapi?"

Hakungoja jibu. Alijua. Marekani.

Justa hakucheka hapo hapo. Alitoka nje kwanza, akasimama nyuma ya tangi la maji, akacheka mpaka khanga ikamlegea. Siku kumi na moja kijana alikuwa akimlaani daktari wa meno asiye na hatia, na aliyemfungia mlango mchumba ni yeye mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, tena akaonyesha wageni.

Aliporudi akakuta Dhaval ameshaivunja kazi yake yote. Kwa papara alikuwa ameondoa ukuta mzima, nchi zote wazi, milango wazi nje ndani. Ndani ya saa moja dhahama ilirudi. Matangazo yalimiminika, wale wa vitasa wakarudi kutikisa, na njia ya satelaiti, ambayo haikuwa pana, ikajaa pomoni. Majibu ya Perth yalikuwa faili kubwa lenye majedwali. Yalianza kuingia, yakafika robo, yakakatika. Yakaanza tena, yakakatika. Dhaval akafunga tena. Akafungua. Ikafika Jumanne jioni, na Mzee Vinod alikuwa akitembea kwenye korido mikono nyuma.

"Amua," alisema Mzee Vinod. "Ama tunalindwa, ama tunapata barua."

"Ndiyo shida yenyewe, Baba. Ni kimoja au kingine."

"Nani kasema?" Justa akavuta kiti. "Dhaval, hiyo kompyuta ina milango mingapi?"

"Mingi. Kuna wa barua. Kuna wa mimi kuingia kuiongoza nikiwa mbali. Kuna wa mafaili."

"Na huo wa kuiongoza, kuna mtu wa China anayeuhitaji?"

"Hakuna. Mimi tu."

"Basi ufunge huo kwa nchi zote unazotaka, upake rangi hadi kalamu ikauke. Lakini mlango wa barua ni mapokezi. Mapokezi hayafungwi kwa sababu ya kabila la mgeni. Mapokezini anakaa mtu, anauliza: unamtaka nani? Kama anamtaka mtu wetu, aingie. Kama anataka tumpelekee mzigo kwa mtu mwingine huko duniani, tunamwambia hapa siyo stendi."

Dhaval alikuwa ameshaanza kuandika. "Ikatae kupitisha barua za wengine. Hilo lilipaswa kuwa la kwanza kabisa," alinong'ona, kama anajisomea hukumu.

"Na wakorofi wanaojulikana?"

"Naweza kuzuia mashine moja moja. Kuna orodha."

"Moja moja, vizuri. Mwizi mmoja wa Tinde hakufanyi uifunge Tinde. Na jambo la mwisho, hili silegezi hata ukiniachisha kazi. Ukimkataa mtu, mwambie umemkataa."

"Kwa nini? Mwizi atajua tupo."

"Mwizi anajua tayari. Lakini mwema hajui. Yule dada wa Perth amekaa wiki nzima anadhani barua inakuja. Angeambiwa hapana siku ya kwanza, angepiga simu siku ya kwanza, nami ningekuwa nimelala vizuri."

Walifanya kazi siku nzima ya Jumatano, Dhaval akiandika amri na Justa akimwuliza kila amri ina maana gani, naye akilazimika kuieleza mpaka yeye mwenyewe aielewe. Mara mbili akiwa anaeleza aligundua kosa. Ujumbe wa kuwakataa watu aliuandika Justa kwa mkono, Kiswahili juu na Kiingereza chini: "Barua yako haikupokelewa Igembe. Kama ni kosa letu, tuwie radhi. Piga simu Shinyanga, muulize Justa." Namba ya ofisi ikafuata.

Alhamisi saa nne asubuhi wakaiwasha. Ikaingia barua moja ya Mwanza. Ikaingia moja ya Nairobi. Matangazo yakaja, yakaambiwa hapa siyo stendi, yakaondoka. Njia ya satelaiti ikabaki nyeupe. Na saa nne na dakika ishirini, bila mbwembwe, ikaingia barua ya Perth na majedwali yake yote. Mzee Vinod alishika kichwa cha mwanawe kwa mikono miwili kama anapima tikiti.

Justa aliichapisha, akapiga mhuri, akakaa kwenye redio.

"Runzewe, Runzewe. Chukua kalamu. Ova."

"Ninayo tangu Jumatatu, mayu. Ova."

Akaanza kusoma. Kilima cha mashariki, ambacho Magesa alikipenda, kaya zake zilikuwa maskini: robo debe, robo debe, njaa, njaa. Kisha akaingia magharibi. "Kaya ya ishirini na mbili, michembe madebe manne." Akapitisha kidole mstari wa chini. "Kaya ya ishirini na tatu, madebe sita na nusu. Kaya ya ishirini na nne, madebe sita. Ova."

"Rudia ya ishirini na tatu. Ova."

Alirudia. Hewani ilisikika sauti ya mtu akikaa chini, au akianguka, kisha Magesa akasema taratibu, "Mayu, hicho ndicho nilikuwa nimeshakichora kukirudisha serikalini. Asante. Wabeja sana." Ikafuata sauti nyingine ngeni, ya broka fulani asiyejulikana, iliyojisahau ikauliza: "Samahani, hiyo michembe mnauza?"

Ijumaa mchana ramani ilikuwa ofisi ya madini. Kilima cha mashariki kilirudishwa, cha magharibi kikabaki, na wachorongaji hawakufungasha mahema kama walivyokuwa wameanza kuhofia.

Barua za Vaishali nazo zilifika Alhamisi hiyo hiyo, nne kwa pamoja. Za nyuma zaidi zilikuwa zimemrudia mwenyewe. Kwa kuwa kila kilichoingia kilichapishwa, zilitoka kwenye printa mbele ya Justa. Hakuzisoma. Ila macho ni macho, na mstari wa kwanza wa ya mwisho ulikuwa na herufi kubwa: UMENIZUIA? Akazipiga mhuri zote nne, akazigeuza kichwa chini, akazitia kwenye bahasha ya kaki.

Dhaval alisoma akiwa amesimama. Kisha akauliza kama simu iko huru.

"Iko huru," alisema Justa. "Lakini utamwambia nini?"

"Kwamba ni hitilafu ya mitambo."

"Usithubutu. Mwambie ukweli: uliifunga Marekani, ukamfungia naye humo. Mwanamke anaweza kumsamehe mjinga. Mwongo ni kazi zaidi."

Alimwambia ukweli. Justa alikuwa mbali, lakini sauti iliyotoka kwenye simu, kwa Kigujarati, ilifika mpaka mapokezi. Iliendelea kwa dakika kama nne. Kisha ikaja sauti nyingine, ndefu, ya kicheko cha msichana aliyeko Leicester, Uingereza, na Dhaval naye akaanza kucheka huku amefunika uso.

Mwezi wa kumi na moja Dhaval na wazazi wake walisafiri kwenda Dar es Salaam kuwapokea Vaishali na watu wa kwao, na Justa akachukua likizo kwenda Tinde kupanda mahindi, kwa kuwa mvua ilikuwa imewahi. Siku ya tatu gari la Igembe likamfuata shambani. Imeili zimekatika tangu jana, dereva alisema. Mzee amepiga simu kutoka Dar, amechanganyikiwa. Dhaval amejaribu kuielekeza ofisi kwa simu, ameshindwa. Wanasema huenda ni ule ukuta, umefunga dunia yote.

Justa aliacha jembe, akapanda gari na udongo miguuni. Njiani alipanga kichwani maswali yote: mlango gani, nchi gani, kituo gani. Alipofika Kambarage akakuta ofisi nzima inapakwa rangi kwa ajili ya harusi. Katika chumba cha feni alikuwa juu ya ngazi fundi mmoja aitwaye Januari, anapaka dari huku anaimba, na chini yake redio kubwa ya kaseti ikinguruma.

"Shikamoo mama," alisema Januari.

"Marahaba. Hiyo redio umeichomeka wapi?"

Januari akaonyesha kwa brashi. Justa akainama, akaitoa redio, akaichomeka kompyuta mahali pake. Akasimama pale mpaka taa ya kijani ikawaka na barua ya kwanza ikaingia. Kisha akatafuta waya wa kurefusha, akamwunganishia fundi redio yake kutoka chumba cha pili, akamwomba maji ya kunawa miguu.